Sentimita Moja Karibu na Moyo

Nilijua mambo yameharibika pale aliponipita kwenye korido bila kunitazama.

Ijumaa nilikuwa nimemwomba tuoane. Akaniambia, "Nipe mpaka Jumatatu, Fundi," na alivyosema hivyo alikuwa anatabasamu. Sasa Jumatatu imefika, saa tatu asubuhi, nami nimevaa shati la pasi, na mwanamke huyohuyo ananipita kama mtu anavyoipita ndoo ya mfagizi.

"Mtaalamu," nikamwita.

Hakugeuka. Alisukuma mlango wa chumba cha kompyuta, akasema, "Ingia. Funga mlango."

Niliingia. Nikafunga.

Mimi ni fundi wa makochi. Shule niliacha darasa la sita nikashika mkasi na sindano ya kushonea ngozi, na mkono wangu haujawahi kuniaibisha. Yeye ni mtaalamu wa mionzi. Si daktari, ingawa wagonjwa wote wanamwita daktari na amechoka kuwasahihisha. Kazi yake ni kupima na kupiga hesabu: mionzi ya kuua saratani ipite wapi, iingie kwa kiasi gani, iishie wapi. Tulikutana mwaka jana, hospitali iliponiita kubadilisha magodoro ya vitanda vya vipimo. Nikamkuta amepiga magoti sakafuni, anakata sponji kwa kisu cha mkate.

"Mama, hiyo sponji unaiua," nilimwambia.

"Basi nifundishe kuichinja," akajibu bila kuinua kichwa.

Nikamfundisha. Tangu siku ile mito yote ya utafiti wake nakata mimi, na tangu siku ile silali vizuri.

Asubuhi hiyo aliwasha kompyuta, akageuza kioo chake upande wangu. "Unaona nini?"

"Mbavu."

"Za nani?"

"Za Dada."

"Hizi picha ni mbili. Moja ya siku ya kwanza, nyingine ya leo, kabla ya mionzi. Zilitakiwa zilaliane kama karatasi mbili zilizokatwa pamoja. Umeona zilivyopishana?"

"Kwa kiasi gani?"

"Sentimita moja. Kuelekea kwenye moyo."

Shati langu la pasi likaanza kulowa mgongoni.

"Mmeshampiga mionzi?"

"Hapana. Ndiyo maana tunapiga picha kwanza." Akavuta kiti akakaa, mimi akaniacha nimesimama. "Sasa nisikilize. Alama zake za wino ziko zote tatu, moja kifuani na mbili ubavuni. Safi kabisa. Lakini alama za mgonjwa yule nilizichora mimi, na mimi mkono wangu unatetemeka kidogo, unajua. Mistari yangu ina vilima. Hii ya leo imenyooka kama pindo la kochi."

Nikatazama viatu vyangu.

"Nani amechora, Fundi?"

Ngoja nieleze kabla sijajibu. Dada yangu ana miaka hamsini na nane. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, mimi nikiwa wa mwisho kuzaliwa, na mpaka leo ananiita Kitinda mbele za watu. Mwaka huu alipasuliwa ziwa la kushoto. Baada ya upasuaji anapigwa mionzi siku kumi na tano, kumaliza mabaki ya ugonjwa. Tabu ya ziwa la kushoto ni kwamba nyuma ya mbavu zile kuna moyo. Mionzi ikiugusa leo huenda usisikie kitu, ukaja kusikia baada ya miaka kumi.

Utafiti wa Mtaalamu ulikuwa juu ya hilo. Mtu akivuta pumzi nyingi akaishika, mapafu yanajaa na moyo unasogea nyuma, mbali na njia ya mionzi. Alitaka kuonyesha kwamba mgonjwa wa kawaida, kwa kufundishwa tu, kwa mto uliokatwa vizuri na alama tatu za wino, anaweza kushika pumzi na kulala vilevile kila siku. Dada alikuwa mmoja wa wagonjwa wake thelathini na wawili. Siku sita za kwanza zilikwenda vizuri.

Jumapili jioni Dada akaja karakana kwangu, amejifunga shuka chini ya koti. "Zimefutika," akasema. Akanikataza kumwambia mtu. Nami badala ya kupiga simu, nikamkalisha kwenye stuli, nikachukua kalamu ya wino na utepe wa kupimia. Kivuli cha alama za zamani kilikuwa bado kinaonekana kidogo. Nimepima makochi maelfu. Nilijiona mtu.

"Mimi," nikamjibu Mtaalamu. "Nimechora mimi."

"Alikuwa amelala?"

"Alikuwa amekaa."

Akafumba macho. "Amekaa."

"Nilifuata kivuli cha..."

"Fundi, wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kitambaa hakipimwi kikiwa kinaning'inia. Nililiandika kwenye daftari! Ngozi ya mtu mzima je? Akikaa inashuka, akilala inakwenda upande. Wewe hulijui hilo?"

"Nalijua."

"Basi kwa nini?"

"Sikuifikiria kama ngozi. Niliifikiria kama aibu. Nikataka kuifunika haraka."

"Na simu? Jumamosi ulinipigia mara nne kuuliza kama nimeshaamua. Jumapili simu ilikufa?"

"Dada hakutaki," nikasema. Lilinitoka hivyohivyo. "Nilimwambia Jumamosi kwamba nimekuposa. Alitupa mwiko. Nikafikiri, wewe nawe ukijua amefuta alama zako utamwona mjinga, utamchukia. Nitabaki na wanawake wawili wasiotakana, mimi katikati. Nikaona nikichora vizuri hakuna atakayejua."

Mtaalamu alinitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Mimi nimeona mtu akilia kwa msiba na akilia kwa hasira, lakini sikuwahi kuona mtu akilia huku ameshika kalamu tayari kuandika.

"Ungeniambia ningecheka," akasema. "Ningemlaza nikamchora upya. Dakika kumi. Mimi sikuogopa sentimita. Sentimita naziona kwenye picha. Mtu anayenificha simwoni kwenye picha yoyote."

"Mkuu wa kitengo ameitisha faili lake saa nne. Anataka kumtoa kwenye utafiti, kwa sababu hafuati maelekezo na hasemi ukweli. Zile siku tisa zilizobaki atapigwa kwa njia ya zamani, bila kushika pumzi."

"Na moyo wake?"

"Kipande cha mbele kitakuwa njiani. Na ana presha tayari."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikauliza, "Na lile jibu langu la leo?"

"Fundi," akasema taratibu, "toka nje."

Nikatoka.

Dada alikuwa kwenye benchi la kusubiria, amevaa lile gauni la hospitali linalofungwa kwa nyuma, mkoba mapajani.

"Kitinda, nipe viatu vyangu. Naondoka."

"Unakwenda wapi?"

"Kazini. Wamenihoji kama mwizi. Nani amechora, nani amechora. Nimesema sijui."

"Nimeshamwambia ni mimi."

"Umenitaja?"

"Nimejitaja."

Akasonya. "Kwa ajili ya huyo mwanamke wako."

"Kwa ajili ya moyo wako, Dada. Wanataka kukutoa kwenye kushika pumzi."

"Wanitoe. Nilikuwa napumua vizuri kabla yao." Akainamia upande wangu, sauti ikashuka. "Uzee wote huu umekosa mwanamke wa kawaida? Mwenye duka, mwalimu? Ukaenda kuokota anayeshinda na mionzi! Atakuzalia nini?"

"Dada, nina arobaini na sita. Yeye arobaini na moja. Sitafuti timu ya mpira."

Mzee mmoja mwenye kofia, benchi la pili, akakohoa ili asicheke.

"Na mionzi haikai mwilini mwake," nikaendelea. "Anasimama nyuma ya ukuta mnene. Wewe ndiye uliyelala chini ya mashine siku sita. Mbona mimi nimekaa karibu yako?"

Akafikiri kidogo. "Haya, hilo tuliache. Na siku atakapokuchoka? Msomi akikasirika anakumbuka vyeti. Atakuita darasa la sita mbele za watu."

"Akiniita nitaitika. Si ndiyo ukweli?"

"Huelewi!" Mdomo ulikuwa unamcheza. "Mimi ndiye niliyekutoa shule. Mama kafa, nguo za watu zimejaa ndani, nikakuambia njoo unishikie pasi. Ulikuwa wa tatu darasani. Wa tatu, Kitinda! Mtu akikudharau kwa hilo, ananidharau mimi."

Miaka thelathini na minne hakuwahi kunitamkia maneno hayo. Nilitaka kumshika mkono, lakini sisi hatukulelewa kushikana mikono. Nikaokota viatu vyake, nikaviweka miguuni pangu ili asivifikie.

Ndipo Mtaalamu akatokea. Alikuwa amenawa uso. Hakunitazama. Alichuchumaa mbele ya Dada mpaka macho yao yakawa sawa.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba," Dada akajibu kwa ncha ya ulimi.

"Sikuja kukugombeza. Nina swali ambalo nilitakiwa nikuulize siku ya kwanza. Unafanya kazi gani?"

"Dobi."

"Tangu uanze matibabu umepumzika?"

"Nikipumzika watavaa nini?"

"Kwa siku unashika maji muda gani?"

"Asubuhi mpaka adhuhuri nafua. Mchana napiga pasi."

"Na maji yanakufika wapi? Mikononi tu?"

Dada akacheka, cheko la kumkomoa mtu. "Wewe hujawahi kufua blanketi, mama. Blanketi likilowa huliinui kwa mikono. Unalikumbatia hivi." Akajikumbatia, mikono ikazunguka mbavu, kidevu kikaelekea kifuani. Palepale penye alama zote tatu.

Mtaalamu akaitazama ile mikono ilipogusa. Kisha akasema, "Kwa hiyo hukuzisugua."

"Nizisugue nina wazimu? Nilizilinda kama mayai. Jumamosi yalikuja mablanketi kumi na manne ya nyumba ya wageni. Mablanketi ndiyo yaliyozinywa."

Nikahisi uso unawaka. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba amezisugua mwenyewe, kwa sababu namjua, haoni doa akaliacha. Nilikaa naye karakana saa nzima na sikumuuliza.

"Fomu yangu ina maswali arobaini," Mtaalamu akasema, kama anajisemea. "Uzito, urefu, sigara, idadi ya watoto. Hakuna mahali nimeuliza mtu anafanya kazi gani. Nimemwambia dobi asilowane." Akainuka. "Dada, usivae viatu. Nakuomba. Nipe nusu saa."

"Hata viatu vyenyewe hajanipa," Dada akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Wewe," Mtaalamu akaniambia, bila jina, "njoo."

Ofisi ya Mkuu wa kitengo ilikuwa ndogo, imejaa mafaili mpaka dirishani. Mkuu ni mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia kwa uzi shingoni, na huivaa tu anapotaka kumtisha mtu. Aliivaa.

"Huyu nani?"

"Ndugu wa mgonjwa," Mtaalamu akasema. "Ndiye aliyechora."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya ujinga wangu, mama," nikajibu.

Hakucheka. "Unajua kwamba bila ile picha, mionzi ingepita pasipotakiwa?"

"Sikujua jana. Leo najua. Kosa si la Dada. Yeye alikuja kuomba msaada, na badala ya kumleta hapa nikajifanya ninyi. Mnitoe mimi. Mito nitaendelea kukata nikiwa nje ya geti. Lakini yeye msimtoe."

Mkuu akamgeukia Mtaalamu. "Nawe?"

Mtaalamu akaeleza yote, blanketi na kukumbatia. Alieleza akionyesha kwa mikono yake mwenyewe. "Naomba abaki," akamaliza. "Wino tuuache. Tumtie nukta tatu za sindano, ndogo kama chembe ya pilipili manga, zisizotoka kwa sabuni. Na wengine wote thelathini na mmoja waulizwe kazi zao leo hii. Huenda kuna wapishi, kuna wakulima, watu wa jasho. Huenda tumeshapoteza alama nyingine tukadhani ni uzembe wa mgonjwa. Kosa liandikwe kwangu."

"Kwako?"

"Swali lilikuwa langu. Sikuliuliza."

Mkuu akavua miwani. "Abaki," akasema. "Nukta zitiwe leo. Na jaza fomu ya tukio hapahapa, nisije nikabadili mawazo."

Mtaalamu akakaa, akaandika. Karatasi ilikuwa imegeukia upande wake, lakini mtu anayekata vitambaa husoma kutoka pande zote. Nikamfuata mstari kwa mstari. Tarehe. Mgonjwa. Kilichotokea. Hatua iliyochukuliwa. Mstari wa mwisho ulisema: *Uhusiano wa mtoa taarifa na mgonjwa au ndugu zake.*

"Hapo andika hakuna, kama kawaida," Mkuu akasema huku akitafuta muhuri.

Kalamu ya Mtaalamu ikasimama.

Akainua uso akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tutoke chumba cha kompyuta. Hakutabasamu. Alinitazama kama anavyotazama zile picha mbili, akipima palipopishana, na mimi nilisimama nikapimwa. Nilitamani kusema neno, na kwa mara ya kwanza maishani nilijua kunyamaza.

Akainama akaandika. Mistari yake, yenye vilima.

Mkuu akaichukua karatasi. Akaivaa miwani. Akasoma, akasoma tena. "Hii tangu lini?"

Mtaalamu akatazama saa ya ukutani. "Tangu sasa hivi. Nilikuwa na muda mpaka leo."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Faili lake linahamia kwa mwenzangu. Simgusi tena."

"Humgusi, humpangii, wala huingii chumba cha mitambo akiwa mezani. Mgonjwa uliyemwanzisha mwenyewe."

"Najua, mama."

Muhuri ukashuka, puh.

Kwenye korido nilijaribu kumshika mkono. Akauondoa.

"Bado nimekukasirikia," akasema.

"Najua."

"Nimeandika kwa sababu ni kweli. Kukusamehe ni kazi nyingine, na hiyo sijaianza."

"Nitangoja."

"Utangoja ukiwa unakata mito. Ule wa bega umelegea." Lakini sauti ilikuwa imeshuka, na hatua zetu kwenye ile korido zilikuwa zinakwenda sawa.

Nukta zilitiwa na mwenzake Mtaalamu, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, Dada akiwa amelala chali, mkono juu ya mto wangu, picha imepigwa kabla na baada. Sisi wawili tuliambiwa tukae kwenye benchi la nje. Mlango wa chumba cha mitambo, wanakokaa wanaoiendesha mashine, ulikuwa wazi, na kutoka kwenye kipaza sauti tuliweza kusikia kila kitu.

"Mama, uko tayari?" yule mrefu akauliza. "Nikisema vuta, unavuta. Nikisema shika, unashika."

"Wewe nani?" Sauti ya Dada ilitoka kavu. "Yule mwingine yuko wapi?"

"Haruhusiwi leo."

"Haruhusiwi na nani? Mimi nimezoea sauti yake. Hanikimbizi. Wewe unaongea kama mtu anayeita basi."

Mtaalamu akajifunika uso kwa viganja. Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani yeye pia hakujua.

"Mama, ni utaratibu wetu. Ameandika kwamba ana uhusiano na ndugu yako."

Nilisikia mashine ikinguruma. Nilimjua Dada. Hapo ndipo angeshuka mezani, angetafuta viatu.

"Ameandika mwenyewe," Dada akauliza, "au kuna mtu alimlazimisha?"

"Mwenyewe, mbele ya Mkuu. Nakala ninayo hapa kwenye faili lako."

"Soma alivyoandika."

"Mama, tunachelewa."

"Soma."

Karatasi ikachakarika. Yule mrefu akasoma, polepole, kwa ile sauti yake nzito: "'Mimi ni mchumba wa mdogo wake, fundi wa makochi.'"

Mtaalamu alikuwa ameacha kupumua. Mimi pia.

"Na hiyo ya makochi," Dada akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ameiandika yeye? Hukuongeza wewe?"

"Imeandikwa hapa, mama. Kwa mkono wake."

"Isome tena."

Akaisoma tena.

"Haya," Dada akasema. Akakohoa kusafisha koo. "Mwambieni akae hapo nje, asiende popote. Nikitoka nina maneno naye. Na huyo Kitinda amtafutie chai, yule mtoto wa watu hajala tangu asubuhi, nimemwona midomo imekauka. Sasa wewe mwenye sauti ya basi, hesabu."

Mlango mzito wa chumba cha mashine ukajifunga. Taa nyekundu juu yake ikawaka.

"Vuta," tukasikia. "Zaidi. Shika."

Nilimwona Mtaalamu akivuta pumzi naye, mabega yakipanda. Mkono wake ukatafuta wangu kwenye benchi, ukaushika kwa nguvu kama mtu aliye juu ya ngazi. Midomo yake ilihesabu bila sauti. Kumi. Kumi na tano. Kabla ya siku ile Dada hakuwahi kuvuka ishirini.

Alishika mpaka ishirini na sita.